Furukombe wa Kadibodi

Asubuhi, kabla upepo haujaamka, ziwa huwa jeupe. Si bluu ile ya kadi za posta, wala si kijani cha kando ya mawe. Jeupe tu, jeupe pepe, na mwanga wake humpiga mtu usoni mpaka afumbe jicho moja. Wakati huo boti zinazorudi Kibirizi huwa ni nukta. Nukta nyeusi, nukta nyeusi, nukta nyeusi, juu ya weupe usio na mwisho. Wanawake wa dagaa husimama ufukoni wamekinga viganja juu ya nyusi, na kila mmoja huingoja nukta yake igeuke chombo.

Na chombo kikisogea, cha kwanza kutambulika si jina. Jina limeandikwa, ndiyo, lakini maji yamekwisha kulilamba, na nusu ya wanaongoja hawakusoma. Cha kwanza ni mnyama aliyechorwa ubavuni, karibu na omo, mbele ya chombo. Kiboko. Nyati. Chui wa madoa makubwa kama vitumbua. Watu huambiana kiboko amefika, nyati bado, na wote huelewana.

Wanyama hao, miaka ile, walitoka kwenye mkono mmoja: mkono wa Hamdani wa Ujiji, fundi wa picha. Ng'ombe wa mabucha alimchora yeye. Jogoo wa mahoteli alimchora yeye. Sokwe wa kwenye fulana za wageni waendao kuwatazama sokwe wa kweli, naye alikuwa wake, akichekelea kwa meno thelathini na mbili. Kwa miaka kumi na moja aliujaza mji wanyama, na hakuna hata mmoja ambaye yeye aliwahi kumkalia chini akamtazama. Ya nini? Kalenda zipo, vitabu vya shule vipo.

Na alijipenda kidogo, tuseme ukweli. Alipita sokoni akihesabu kazi zake kwa jicho la pembeni, na mtu akimsifia alijifanya hakusikia ili asifiwe tena.

Aliyempa jina hasa ni furukombe, yule tai wa ziwani mwenye kichwa cheupe, mla samaki. Selestini, Muha mmoja wa Kibirizi mwenye boti ya injini, ndiye aliyechorewa wa kwanza, akavua msimu mzima mpaka majirani wakaanza kumtazama vibaya. Basi wakataka na wao, huyo huyo, asipungue unyoya. Hamdani akachukua boksi gumu la biskuti, akalitandaza, akakata kiolezo kwa wembe, na toka siku ile ndege akawa kazi ya robo saa. Unakibana kiolezo kwenye mbao, unachovya sponji, unagonga. Bawa, bawa, mdomo, mkia. Unabandua, unahamia boti nyingine. Bawa, bawa, mdomo, mkia. Boti tano, ndege watano, na yeye akitamba vijiweni kwamba hata aliyewazaa asingewatenganisha.

Jicho lilibaki duara tupu. Hilo lilikuwa na sababu yake. Marehemu baba yake, Mzee Nuhu, mtu wa msikitini, hakupenda mwanawe achore viumbe vyenye roho. Walivutana miaka, mwisho wakakutana katikati: Hamdani achore, ila asitie ile nukta nyeupe ya mwanga ndani ya jicho. Bila nukta ile, alisema mzee, picha ni rangi tu na haina madai kwa mtu. Mzee alikufa, ahadi ikabaki, na mji mzima ukaishi na wanyama vipofu bila kujua.

Kisha ng'ambo ikawaka.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka wa tisini na sita, mvua za vuli zimeshaanza, na vita ya Zaire ilikuwa imeteremka kutoka milimani mpaka ufukweni. Boti zikaanza kurudi maji yakikaribia ukingo. Hazikubeba dagaa. Zilibeba magodoro, masufuria, mbuzi mmoja mmoja, na watu, watu, watu. Kibirizi ikajaa watu waliosimama kwa sababu hakuna aliyewaambia waketi wapi. Wenyeji walitoa walichonacho, uji, khanga, baraza za kulalia, na bado hakikutosha. Hamdani alitoa shuka mbili, akarudi kwenye rangi zake akiamini ametimiza wajibu.

Leonia alimkuta chini ya upenu wa nyumba yake, akimalizia ng'ombe wa bucha. Alikuwa mwanamke wa Baraka, ng'ambo kule, mtoto mchanga mgongoni, miguu imevimba. Alikuwa ameuliza Kibirizi ni nani achoraye ndege kwenye boti, wakamwelekeza. Alipewa kigoda, akashukuru, hakukaa.

Alieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Siku waliyokimbia, risasi zikisikika nyuma ya mji, alimfikisha bintiye Mapendo ufukweni. Mapendo, wa miaka saba. Akamwonyesha boti yenye ndege, akamwambia apande hiyo na asishuke, yeye anarudi mbio kumchukua mchanga kwa nyanya yake. Mtoto alikuwa mwelewa. Alimtazama ndege vizuri, akarudia: yenye ndege. Leonia aliporudi, boti yenye ndege ilikuwapo, inajaza watu. Akapanda. Watu walikuwa wameshonana, mbele hakuonekani, akaita, na sauti za watoto wengi zikaitika. Ni katikati ya ziwa, watu walipohamishwa ili chombo kikae sawa, ndipo alipojua kwamba Mapendo hayumo.

"Niliona ile ndege, nikatulia," alisema. "Nikasema mutoto yangu iko mule. Papa, ile ndege ni ya boti gani?"

Brashi ilikuwa mkononi, na rangi ikamdondokea Hamdani mguuni. Alimjibu kwamba ni boti tano.

"Zote sawa?"

"Zote sawa, Mama Mapendo."

Wiki tatu waliuliza pamoja. Kibirizi waliuliza, Ujiji waliuliza, kila mwalo wa boti unaofikika kwa miguu. Boti ya Selestini ndiyo iliyomleta Leonia. Ya pili ilikuwa imelala ufukoni mwezi mzima, injini imekufa. Ya tatu ilikwisha kuuzwa kwa watu wa Rumonge, Burundi. Ya nne na ya tano zilikuwa Baraka siku ile ile, na hazijarudi.

Mmoja alisema aliiona boti yenye furukombe ikishusha watu kusini, mbali. Mwingine aliiona ikielekea Rumonge. Mzee mmoja, macho yake yakiwa chini, alisema aliiona imejaa kupita kiasi na upepo umeshaanza. Kila mmoja alikuwa na hakika. Na Hamdani hakuwa na swali la pili la kuwauliza. Angewauliza nini? Ndege alikuwaje? Alikuwa vile vile.

Bawa, bawa, mdomo, mkia. Wimbo wa kazi ulimganda kichwani, na kila alipoinua sponji aliona mtoto wa miaka saba amesimama kwenye maji ya magoti, akitazama huku na huku, ndege huku, ndege kule, akifanya kile hasa alichoagizwa. Mkewe, Saumu, alimwambia si yeye aliyeleta vita. Ni kweli. Hakuleta vita, hakushika usukani, hakumsukuma mtu. Alijitetea hivyo kila siku, na kila siku utetezi ulikuwa mzuri, na haukumsaidia kitu.

Ewe ziwa, wewe uliyewabeba wote hao, ungesema. Ungesema hata kusini, hata kaskazini. Hamdani alikuomba hivyo waziwazi, mtu mzima amesimama kwenye maji na viatu vyake, na wewe ukaendelea kulamba mawe.

Akaacha kuchora. Mabucha yakamngoja. Akawa anakwenda kukaa juu ya mawe ya Bangwe, pale mkono wa nchi kavu unapoingia ziwani, kwa sababu nyumbani watu walimpa pole na pole zilimchosha. Huko ndiko alikomwona furukombe. Alikuwapo siku zote, juu ya kichwa chake, toka utotoni. Alimsikia akipiga ile kelele yake ya kurudisha kichwa nyuma. Ila hakuwahi kumtazama. Siku hiyo alimtazama kutwa, na kadiri alivyomtazama ndivyo aibu ilivyompanda.

Kumbe kifua ni cheupe mpaka chini ya shingo, kama aliyevaa kizibao. Kumbe tumbo ni jekundu la udongo wa kufinyangia. Kumbe mdomo ni mweusi, na manjano iko kwenye shina lake tu. Ndege aliyewauzia watu miaka yote, mwili wa kahawia na mdomo wa manjano mtupu, alimtoa kwenye kalenda ya duka la vipuri, na wala hakuwa ndege wa ziwa hili. Alikuwa tai wa nchi nyingine, huko mbali. Watu wa Kibirizi, wanaomwona furukombe kila siku ya Mungu, walimpokea yule mgeni na hakuna aliyesema neno.

Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Walikuwa wawili, dume na jike. Jike alikuwa mkubwa, amepungukiwa unyoya mmoja katika bawa la kushoto, na alipotua aliinamisha kichwa kidogo kabla hajakunja mabawa. Dume hakufanya hivyo. Baada ya siku nane Hamdani aliweza kuwatambua wangali mbali, wakiwa alama mbili tu angani. Hapo alilia. Alilia kwa sababu lilikuwa jambo jepesi hivyo, kumtofautisha mmoja na mwingine, na angeweza kulifanya miaka kumi na moja iliyopita.

Alipofika nyumbani alikichukua kiolezo, akakitia jikoni kwa Saumu, chini ya sufuria ya maharage. Kadibodi lililolowa rangi ya mafuta liliwaka kwa moshi mweusi mpaka maharage yakanuka, na Saumu akayala bila kulalamika.

Akanunua kitambaa cha marekani, akakiwamba kwenye fremu ya mbao, akaanza upya kama mtoto. Hakukuwa na robo saa tena. Ndege mmoja alimla siku kumi, kumi na tano. Alimchora jike akiinamisha kichwa. Alimchora dume amelowa mvua, mnyonge, kama mtu aliyefukuzwa kikaoni. Na jicho lilipofikiwa, lilimkataa. Duara tupu halikukaa juu ya ndege wale. Siku alipochovya ncha ya brashi katika nyeupe akaitia ile nukta, alimwomba baba yake radhi kwa sauti, upenuni, mchana kweupe, jirani akisikia.

Na hakuishia hapo. Alibeba makopo yake mpaka Kibirizi, akamwambia Selestini anataka kumfuta yule ndege na kumchorea mwingine, wa kwake peke yake, asiyefanana na wa mtu. Selestini alisitasita, akakumbuka ule msimu wake, akaitika kwa Kiha, "Ego, fundi, wewe ndiye unajua." Hamdani alikwangua, akapaka. Ile boti ya injini mbovu nayo akaifanyia hivyo. Moyo ulimtulia kidogo. Aliona ametengeneza kitu: kwamba mama yeyote atakayemwambia mtoto panda yenye ndege fulani, ndege huyo atakuwa mmoja tu duniani.

Sifa zikaja, tena zisizoitwa. Mama mmoja wa shirika la misaada alipita, akasimama mbele ya picha ya jike wa Bangwe. Alimwambia kwamba hii sasa ni sanaa. Akaichukua Dar es Salaam, ikatundikwa kwenye maonyesho, na barua ikaja ikitaka nyingine sita. Jina la Hamdani lilichapwa kwenye karatasi nzuri ngumu. Saumu aliiweka karatasi ile kabatini pamoja na cheti cha ndoa. Hamdani hakutaka kuiona. Kila aliposifiwa aliona kwamba anasifiwa kwa macho aliyopewa na mtoto wa mtu, na mtoto mwenyewe hajulikani aliko.

Leonia alikuwa akija kila Ijumaa. Alisimama upenuni, akauliza kama kuna neno, akaambiwa hakuna, akanywa maji, akaondoka. Ijumaa ya mwisho alikuja na habari yake. Wale wote waliokuwa wamewekwa mjini kwa muda wangepelekwa kambini. Malori yangeondoka kesho baada ya adhuhuri, yapitie Kidahwe, na kuendelea porini huko.

Hamdani akafanya alichoweza: akaingia ndani, akatoa picha yake bora, ile ambayo hakuipeleka Dar, akamwambia ni yake, aende nayo. Alikuwa furukombe anayeshuka majini, kucha mbele, kila unyoya na mahali pake, na jicho lenye nukta yake. Leonia aliitazama kwa heshima. Aliinama akaitazama na upande wake wa chini.

"Ni muzuri sana," alisema. "Lakini siyo ile."

Akamweleza taratibu, kama mtu anayeogopa kuudhi. Kambini kutakuwa na maelfu ya watu. Mapendo hajui kusoma, hata jina la mama yake likiandikwa hatalijua. Ila ndege yule anamjua. Alimtazama vizuri, akamshika kichwani. Leonia alitaka kitambaa chenye ndege yule yule wa boti, akitundike kwenye mlango wa hema lake. Mtoto akipita, au akipitishwa na mtu, atasimama.

"Nipigie ile yako ya zamani," alisema. "Ile mubaya."

Hamdani alikaa chini. Akasema kiolezo amekichoma. Akasema boti zilizobaki huku ni mbili tu, na zote mbili amezifuta yeye, kwa mkono wake, wala hakulipwa.

"Umeifuta?"

"Nilidhani natengeneza, Mama Mapendo."

Hakumlaumu. Heri angemlaumu. Alimweka sawa mtoto mgongoni, akasema atapita kesho kabla ya malori, huenda ikawezekana.

Basi Hamdani akaketi kuchora kile alichokuwa akikichora usingizini. Miaka kumi na moja, ndege yule yule. Akakata boksi jipya kwa wembe. Bawa. Wembe ulikwenda, na bawa likatoka lenye pengo la unyoya upande wa kushoto. Akalitupa, akakata lingine. Mdomo ukatoka mfupi, mweusi, wa kweli. Akaacha kadibodi, akashika brashi, akajilazimisha: mwili wa kahawia, mdomo wa manjano mtupu, jicho duara bila nukta. Akasogea nyuma akatazama. Ndege alikuwa anatazama pia. Hata bila nukta alikuwa anaona, kichwa amekiinamisha kidogo, kama jike yule anapotua.

Kitambaa cha pili, cha tatu, cha nne. Alfajiri aliswali, akaanza cha tano. Alijaribu mkono wa kushoto, alijaribu kufumba macho. Kila ndege aliyetoka alikuwa na nafsi yake mwenyewe, na hakuna aliyekuwa yule. Saumu alimletea chai ikapoa. Aliita wimbo wake, bawa, bawa, mdomo, mkia, na mkono haukuujua tena.

Leonia alipofika, vitambaa vilikuwa vimetandazwa uani vikikauka. Alipita kimoja kimoja. Mbele ya cha mwisho alitikisa kichwa.

"Huyu anaona," alisema. "Ile haikuona."

Malori yalikuwa yanasikika barabarani. Leonia akashusha mtoto, akampa Saumu. Akachukua brashi nene ya kupakia kuta, akapiga magoti juu ya kitambaa kitupu. Hakuwahi kushika brashi maisha yake. Lakini siku ile ya kufika Kibirizi, boti ya Selestini ikishusha watu mmoja mmoja, alikaa mchangani akamtazama yule ndege mpaka aliposhuka mtu wa mwisho. Sasa alimchora kama mtu anayepanga kuni. Bawa moja, na lingine kubwa kuliko la kwanza. Mdomo wa manjano, mnene, umepinda kama ndoana. Mkia kama ufagio. Jicho akalizungushia duara, akaliacha tupu.

Hamdani alimtambua ndege huyo mara moja. Alikuwa yeye, na kasoro zake zote. Kidole kilimwasha kulisawazisha lile bawa kubwa, akaibana mikono kwapani.

"Ni yeye?" Leonia aliuliza.

"Ni yeye, Mama Mapendo."

Neno hilo ndilo pekee aliloweza kumpa. Walikifunga kitambaa ubavuni mwa lori, rangi ikiwa bado mbichi, Saumu akamrudisha mtoto mgongoni kwa mama yake, na lori likapanda kilima. Vumbi lilikuwa kidogo kwa sababu ya mvua, kwa hiyo ndege alionekana kwa muda mrefu, akitingishika. Mpaka kona ya mwisho Leonia hakugeuka. Alikuwa amekishika kitambaa kwa juu kisikunjike.

Barua nyingine ilikuja kutoka Dar, na nyingine. Picha za Hamdani zilisafiri kuliko yeye. Watu wa mbali walisema kwamba hakuna mchoraji aliyewahi kumpa kila ndege uso wake namna ile, na walisema kweli.

Lakini asubuhi yeye huwa Kibirizi. Kabla upepo haujaamka, ziwa huwa jeupe, jeupe pepe, na boti ni nukta. Siku hizi anayaweza yote: anamjua ndege wa Selestini kabla Selestini mwenyewe hajamwona mkewe ufukoni, anawajua wote, kila mmoja na namna yake, na wanawake wa dagaa humwuliza yeye nani anakuja. Kisha hutokea nukta moja asiyoijua, mbali, kutoka upande wa Baraka. Hamdani hukinga kiganja juu ya nyusi, na humwomba Mungu awe yule ndege mbaya, yule kipofu, kazi mbovu kuliko zote alizopata kufanya.

Chombo husogea. Huwa kiboko. Huwa nyati.